Alichosema Mheshimiwa Mbele ya Jeneza

Kosa lilikuwa langu, na ninalitaja mapema ili mtu asihangaike kulitafuta kwingine. Mimi ndiye niliyempa Mheshimiwa maikrofoni.

Jasvir alikuwa amenionya mara tatu. Jasvir ndiye anayeendesha ofisi ya mbunge wetu hapa Erdington, Birmingham, Mpunjabi mwenye kilemba cha buluu na subira ya kupimwa kwa kijiko. Alisema mbunge angefika kanisani, angekaa safu ya mbele, angesaini kitabu cha rambirambi, angempa mfiwa mkono, kisha angeondoka kuwahi treni ya London. Hotuba hakuna. Nikamjibu kwamba nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia. Lakini mtu aliyezaliwa Machakos, akazika ndugu na majirani tangu utotoni, hawezi kumtazama mbunge ameketi matangani amefumba mdomo. Kwetu mheshimiwa akija kwenye msiba husalimia watu. Asiposalimia, wafiwa hulala wakijiuliza wamemkosea nini. Kwa hiyo zamu ya salamu ilipofika, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza shughuli, mkono wangu ulijiendea wenyewe. Nikasema, "Sasa Mheshimiwa mbunge wetu atusalimie," na kabla Jasvir hajanyanyuka kitini, mbunge mwenyewe, Trupti Vadgama, alikuwa amesimama kando ya jeneza la Beverly.

Beverly alikuwa mtu wa Mwingi, kwetu Kenya, umri wake miaka thelathini na minane. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja kule Castle Vale: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Asubuhi moja alimaliza zamu, akaketi kwenye kituo cha basi, mshipa ukapasuka kichwani, akafa kabla basi halijafika. Aliacha mume, Arnold, fundi wa mbao, na binti wa miaka tisa aitwaye Ndinda. Viza ilikuwa ya Beverly. Ya Arnold na mtoto ilitundikwa juu ya yake kama nguo juu ya kamba, na kamba ilikuwa imekatika. Barua iliwafikia hata kabla ya ibada: siku sitini, kisha waondoke nchini.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na mswada wa uhamiaji bungeni. Mbunge mmoja alikuwa ameleta pendekezo la marekebisho: mhudumu wa wazee akifa kabla viza yake haijaisha, familia yake iruhusiwe kubaki na kumalizia miaka yake. Chama chetu ndicho kilichokuwa serikalini, na kilikuwa kimewaagiza wabunge wake wote waseme hapana. Kura ilipangwa Jumatano. Ibada ya Beverly ilikuwa Jumamosi, siku nne kabla yake.

Sasa Mheshimiwa mwenyewe. Ofisini kila mtu humwita Trupti, hata kijana anayekuja kusafisha madirisha. Mimi siwezi. Ana miaka sitini na minne, mimi hamsini na miwili, na mdomo wangu unakataa kumwita mwanamke wa umri ule kwa jina tupu. Nilianza kumwita Mheshimiwa kwa utani, utani ukazoeleka, likawa jina lake.

Alizaliwa Machakos kama mimi. Baba yake alikuwa na duka la nguo na mablanketi karibu na soko, na mama yangu alinunua pale kitambaa cha harusi yake. Akina Vadgama waliondoka Kenya mwaka wa sitini na nane, Trupti akiwa na miaka saba. Baba aliyekuwa bwana wa duka akaingia kiwandani kupiga vyuma, mama akashona suruali nyumbani kwa malipo ya kipande. Trupti alisoma, akawa karani katika gereji ya mabasi, akaingia chama cha wafanyakazi, akawa diwani. Alisimama ubunge akashindwa. Akasimama tena, akashindwa tena, na safari hiyo mtu alimtupia yai Shard End na yeye akaendelea kuongea huku linamchuruzika begani. Mara ya tatu akashinda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu husema, lakini yeye alikubali kushindwa mara mbili na bado akashindana.

Kisha akaenda London na kukaa viti vya nyuma, vya wabunge wasio na cheo, miaka kumi. Alitumikia kamati ambazo hakuna mtu anayejua zinafanya nini. Aliwahi kusimama kuzungumzia lifti mbovu za maghorofa, dakika nne, ukumbi ukiwa na watu kumi na mmoja. Nilihesabu kwenye skrini. Hakuwahi hata siku moja kupiga kura kinyume na chama. Magazeti ya mtaani yalimwita Bibi Ndiyo. Lakini Ijumaa, siku yake ya kuonana na wananchi, alisikiliza watu tangu saa tatu hadi sauti ikamkauka, na hakuna faili iliyofungwa ofisini kabla hajaisoma mwanzo hadi mwisho na kuisaini kwa kalamu yake ya wino wa kijani. Kazi yangu ilikuwa kupokea shida za watu, kuandika barua na kutunza mafaili hayo. Nilimheshimu kwa hilo. Kwa mengine nilimwona kama wanasiasa wote niliowahi kuwajua, wa huku na wa nyumbani: watu wa maneno.

Na Kiingereza chake kilikuwa cha maneno hasa. Ukimuuliza jambo kwa Kiingereza, atakwambia analifuatilia kwa makini, anaelewa hisia za pande zote, atahakikisha sauti yako imesikika. Ni nyumba yenye milango ishirini. Popote utakapomshika ana pa kutokea.

Kiswahili chake kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa Kiswahili cha dukani, cha mtoto wa Kihindi wa miaka saba aliyekisikia nyuma ya kaunta. Anajua rangi, anajua pima, anajua leta na peleka na ngapi na bei ya mwisho. Anatuma watu bila kusema tafadhali, maana neno hilo hakuwahi kulisikia likitumika pale. Mwaka wangu wa kwanza ofisini alikuwa akiniambia, "Mumbua, lete faili," nami damu ikinichemka, kwa kuwa nyanya yangu alifua nguo katika nyumba za watu waliosema vile vile. Siku moja nilimwambia. Alinisikiliza, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuwahi kujua kuna namna nyingine. Tangu hapo Kiswahili alikiacha, labda salamu tu.

Lakini mbele ya jeneza lile, na watu mia mbili wa kwetu wakimtazama, alikitoa. Kwanza alisema pole. Kisha akamtazama Ndinda, aliyekuwa amevaa koti la shule kwa sababu ndilo pekee jeusi alilokuwa nalo. Halafu akasema haya, na ninayaandika kama yalivyotoka:

"Mimi nasema hivi. Jumatano iko kura. Chama nasema hapana. Mimi nasema ndiyo. Wananifukuza, wanifukuze. Huyu baba haendi. Huyu mtoto haendi. Mimi nimemaliza."

Akanirudishia maikrofoni, akaketi. Mama mmoja nyuma akaanza kuimba, wote tukaitikia. Nililia. Nililia kwa ajili ya Beverly, na pia kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka sita na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimsikie akisema jambo lisilo na mlango wa nyuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika mbali. Sisi tukimuaga mtu ughaibuni huweka kamera, ili walio nyumbani wafuate ibada. Mama yake Beverly alikuwa ameketi Mwingi na ukoo mzima mbele ya simu moja. Kufikia Jumapili jioni kipande kile cha Mheshimiwa kilikuwa kwenye kila kikundi cha Wakenya toka hapa hadi Glasgow, na mtu alikuwa amekipa kichwa: Mama wa Machakos Amesema.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Jasvir amesimama dirishani. Kiranja wa chama alikuwa amempigia simu kutoka London. Kiranja ndiye anayehesabu kura za chama na kuwachunga wabunge wasitoke zizini, na alikuwa amesikia kwamba Trupti ametoa ahadi fulani kwa lugha fulani. Walijaribu kuitafsiri kwa kompyuta, ikawatolea kwamba baba haendi na mbunge amekwisha. Walitaka tafsiri ya maandishi, kutoka kwa mtu anayeijua lugha, kabla ya saa kumi.

"She told me to ask you," Jasvir alisema. "I asked her what she said, and she said, ask Mumbua, Mumbua was there. Then she went out for milk."

Nikatazama friji. Maziwa yalikuwepo, chupa mbili.

Ndipo Jasvir akafunga mlango na kuniambia lililobaki. Alhamisi, siku moja baada ya kura, waziri mkuu angepanga upya serikali. Jina la Trupti lilikuwa kwenye orodha, safari hii kwa kweli. Naibu waziri wa uhamiaji. Jasvir alikuwa amemfanyia kazi miaka ishirini na miwili. Alikuwepo siku ya yai. Alisema kwa sauti ya chini kwamba marekebisho yale yataanguka hata Trupti akipiga kura kwa mikono na miguu, hesabu haipo. Lakini naibu waziri wa uhamiaji anaweza kuruhusu mtu abaki hata kama sheria haimruhusu, kwa saini yake tu. Faili ya Arnold ingefika mezani kwake. Kalamu ya kijani, basi, mambo yameisha.

"So think about Arnold," akasema. "What did she say, Mumbua?"

Nilimwambia anipe nusu saa.

Nilikaa kwenye dawati langu na karatasi nyeupe. Sitaki kujipamba: sikuhangaika sana. Nilijiambia kwamba mwanamke aliyetoka kununua maziwa ambayo hayahitajiki ameshaniambia anataka nini. Nilijiambia kwamba wanasiasa ni wanasiasa, kwamba alichosema Jumamosi kilikuwa machozi tu, na kufikia Jumatano angekikana mwenyewe. Mimi namwondolea tu usumbufu. Nilijiambia habari za Arnold na Ndinda. Hilo ndilo lililokuwa na nguvu zaidi, na ndilo nililoliweka mbele ili nisiyaone mengine. Nikaandika kwa Kiingereza safi:

Mbunge alitoa rambirambi zake kwa familia. Alisema anaelewa kuwa suala hili linapigiwa kura Jumatano, kwamba kuna maoni tofauti, na kwamba analifuatilia kwa karibu kwa niaba ya familia hii.

Nikatia saini, nikaweka nakala kwenye faili ya Arnold kama kazi inavyotaka, nyingine nikampa Jasvir. Aliisoma mara mbili. Nadhani alijua. Akaituma.

Mheshimiwa alirudi na maziwa, akayaweka kwenye friji kando ya yale mengine. Hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia.

Jumatano alasiri tulitazama kura ofisini, mimi na Jasvir, kwenye kompyuta yake, chai ikipoa. Wenzetu kule wana desturi ya ajabu: kura hawainui mkono, wanatembea. Wanaosema ndiyo wanatokea mlango huu, wanaosema hapana mlango ule, na wanahesabiwa kama mbuzi wanaoingia kuoshwa. Kamera haionyeshi nani kapita wapi. Matokeo yalisomwa kwanza: marekebisho yameanguka, kwa tofauti ya kura zaidi ya tisini. Jasvir akashusha pumzi. Kisha majina yakatoka, nikaona kidole chake kinashuka kwenye orodha ya chama chetu waliosema ndiyo. Walikuwa kumi na wanne. Wa kumi na tatu alikuwa Vadgama.

Jasvir alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua kalenda yake na kukata mstari juu ya Alhamisi nzima.

Alhamisi simu haikulia. Nafasi ile alipewa bwana mmoja kijana kutoka jimbo la kusini, mbunge wa miaka miwili.

Ijumaa Mheshimiwa alifika kuonana na wananchi, Castle Vale, katika chumba kile cha maktaba tunachokiazima. Alikuwa amevaa koti lake la kila siku. Alisikiliza watu kumi na saba. Wa mwisho alipoondoka nilifunga mlango, nikamwambia lililokuwa likinichoma tangu Jumatano. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana hasira yangu haina lugha nyingine. Nilisema, "Mheshimiwa, ungenyamaza siku moja tu. Kura ingeanguka vile vile. Leo ungekuwa na kalamu ya kumweka Arnold hapa. Umeilinda heshima yako, na Arnold ndiye atakayepanda ndege."

Alikaa akivifunga vifungo vya koti polepole. Kisha akajibu kwa Kiingereza, na nitayaeleza kwa maneno yangu. Alisema katika veranda ya duka la baba yake palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Nzioka, aliyeshona pale miaka kumi na minne na kumfundisha yeye kuhesabu vifungo. Siku walipofunga duka, baba yake alimwambia Nzioka mbele ya watoto, Mimi nafika, mimi naita wewe. Walipofika Birmingham baba hakumwita, hata barua hakuandika. Hakuwa mtu mbaya, alisema. Alifanya hesabu akaona haiwezekani, akanyamaza. Lakini Trupti alikuwa amemwona Nzioka akiitikia kwa kichwa na kukunja mfuko wake wa nyuzi kama mtu anayejiandaa kwa safari. Maisha yake yote ya siasa, alisema, hakuwahi kuahidi kitu, kwa makusudi kabisa. Aliahidi kufuatilia. Jumamosi ile ndiyo mara yake ya kwanza.

Nikamwambia hiyo ni hadithi nzuri lakini Arnold hali hadithi.

"No," akasema. "He doesn't."

Akasimama, akaniomba niandike barua kwa naibu waziri mpya. Aliisaini pale pale. Ilikuwa barua ndefu kuliko zote tulizowahi kuandika, na alijua kama nilivyojua mimi kwamba inaenda kwa mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho kingekuwa chake, na kwamba mtu huyo hana sababu ya kumfurahisha mwasi. Alimwandikia tena baada ya wiki mbili. Alimfuata kwenye ukumbi wa chakula cha wabunge, akiwa na trei mkononi, akasimama mbele ya meza yake mpaka bwana yule akainua macho. Jasvir ndiye aliyenisimulia hilo, mwenyewe hakusema.

Jibu lilichukua wiki saba. Arnold na mtoto waliruhusiwa kubaki hadi mwisho wa mwaka wa shule, Julai. Baada ya hapo warudi Kenya. Hakuna rufaa.

Nilimpigia Arnold simu kumweleza. Akasema asante, Sister Mumbua, angalau Ndinda atamaliza na wenzake. Nilipoweka simu chini nilikwenda chooni nikakaa huko muda. Nilikuwa na hasira na Mheshimiwa, na naibu waziri, na Beverly kwa kufa, na mimi mwenyewe.

Wiki ya mwisho ya Julai walikuja ofisini kuaga. Arnold alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ndinda alikuwa amekua. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza cha Birmingham kwamba yuko sawa, Aunty, na kwamba kule Mwingi ana binamu wanane na mbwa mmoja. Mheshimiwa alitoka chumbani kwake. Arnold akampa mfuko wa karatasi, ndani yake mna kiondo kipya chenye mistari ya zambarau na kahawia, mkanda wa ngozi. Jasvir alikohoa na kusema zawadi zote lazima ziandikishwe.

"Hiki kimetoka kwa mama mkwe wangu," Arnold akasema. "Amekisuka mwenyewe. Ameniambia nikupe kwa mikono miwili, na nikuambie hivi: wabunge wengi wamesema kwenye matanga ya ukoo wetu, wewe ndiye wa kwanza kufanya. Anasema nyumbani kwake una kiti."

Nilitaka kumtafsiria Mheshimiwa lakini hakuhitaji. Alikishika kiondo kwa mikono miwili, kama alivyopewa. Machozi yalimtoka waziwazi mbele yetu sote, hakuyafuta. Arnold naye alilia. Ndinda akatazama sakafu, akauliza kama anaweza kupata biskuti.

Walipoondoka, nilileta faili yao mezani kwake ili ifungwe. Sikuwaza. Ni kazi ya kila siku: kesi imekwisha, faili inasomwa, inasainiwa, inawekwa kwenye sanduku. Niliiacha hapo nikarudi kwenye dawati langu, na nilikuwa nimeshafungua barua nyingine nilipokumbuka kilichokuwa ndani yake, ukurasa wa kumi na moja.

Nilisikia karatasi zikigeuzwa.

Akaniita. Niliingia nikasimama. Alikuwa ameshika tafsiri yangu, ile nakala, yenye saini yangu chini. Kiondo kilikuwa mezani mbele yake.

"Hii nini?" akauliza. Kwa Kiswahili, ambacho hakuwa ameongea nami miaka mitano.

Nikamwambia ni ile niliyompa Jasvir ampelekee kiranja. Nilimwambia Jasvir aliitaka, yeye alikuwa ametoka kwenda kununua maziwa, nami niliandika niliyoona yanafaa.

"Basi hawakujua," akasema. Alikuwa anajisemea. "Jumatano mimi natembea, wao hawajui. Mimi nadhani wote wanajua."

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Alikuwa ametoka kununua maziwa ili mimi niyapeleke maneno yake kama yalivyotoka, na wiki ile yote aliamini kiranja anayo mkononi. Aliingia ukumbini akidhani mlango wa nyuma umeshafungwa, kumbe mimi nilikuwa nimeuacha wazi, na mwanga umewashwa. Maisha yangu yote nimewasema watu wa siasa kwa ajili ya maneno yao ya kuteleza. Nyani haoni kundule. Waliotia neno la kuteleza katika jambo hili zima walikuwa watu wangapi? Mmoja, na yuko hapa anaandika.

Nilisema, "Nisamehe, Mheshimiwa."

Aliniangalia bila hasira, jinsi anavyowaangalia watu wa Ijumaa.

"Wewe nadhani mimi nakana," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Nilidhani ungekana."

Akaitikia kwa kichwa. Akaiweka ile karatasi mezani, akaigeuza uso chini.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi nadhani hivyo."

Nje, basi lilipiga honi kwenye barabara kuu ya Erdington, na Jasvir alikuwa akimweleza mtu kwenye simu kwamba mbunge ana nafasi Ijumaa ijayo saa nne. Mheshimiwa alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe, akaisukuma upande wangu. Akaifuatisha kalamu yake, ile ya kijani, ambayo sikuwahi kumwona akimwazima mtu.

"Andika tena," akasema. "Andika sawa."

Hakusema tafadhali. Nilivuta kiti, nikaketi, nikaandika yote kama yalivyotoka: chama nasema hapana, mimi nasema ndiyo, huyu baba haendi, huyu mtoto haendi.